Anza na Wakorintho wa Kwanza

Dada, umeuliza uanzie wapi kusoma Biblia pamoja na historia yake, na kama jambo hilo litakuyumbisha imani. Mimi naamini litaiimarisha. Chukua Wakorintho wa Kwanza, na kando yake usome Matendo 18, Paulo, mwandishi wa barua hiyo, anaposhtakiwa huko Korintho mbele ya Galio, liwali wa Akaya, jimbo la Kirumi lenye mji huo. Galio huyo anatajwa pia kwenye maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, ndiyo maana wataalamu huiweka kesi ile mwaka 51 au 52 hivi.

Sasa fungua sura ya 11 ya barua hiyo, habari ya Chakula cha Bwana. Waumini walikutana majumbani, na chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kwa kawaida kilitosha watu tisa tu. Yaelekea wenye nafasi walitangulia kula, vibarua na watumwa wakakuta sahani tupu. Paulo anakasirika kweli: huyu ana njaa, huyu amelewa! Kwa hiyo kula “isivyostahili” hapo kunahusu kwanza kuwaaibisha maskini mezani. Tafadhali soma mstari wa 17 hadi 34 kwa mkupuo mmoja, usiung’oe ule wa 29, unaotaja hukumu, peke yake. Kisha nenda sura ya 8, habari ya nyama zilizotolewa kwa sanamu.