Ukishatoka Wodini, Mto Hurudi Chini ya Goti

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya fiziotherapia kwenye wodi ya mifupa nilikuwa na mgonjwa mmoja, mama wa makamo aliyewekewa goti bandia. Kila asubuhi nilimfanyisha mazoezi nusu saa, mwisho nikapima kwa goniometa, rula ya kupimia pembe ya kiungo: zimebaki nyuzi 5 tu goti linyooke kabisa. Naandika kwenye faili, naondoka nikijisifu kimoyomoyo. Kesho yake nikirudi nakuta 15. Tunaanza tena, tunafika 5, asubuhi tena 15. Siku ya nne nilisahau kalamu yangu juu ya kabati la mgonjwa. Niliporudi kuichukua, robo saa haijapita, nikamkuta binti yake anamsukumia mto mnene chini ya goti. Mama wa watu amefumba macho, uso umelegea kwa raha.

Mto ule haukuwekwa kwa ubaya. Goti lililovimba hutulia likikunjwa kidogo, nyuzi 30 hivi, kwa sababu hapo ndipo ndani ya kiungo panapokuwa na nafasi kubwa ya kubeba majimaji. Mwili wenyewe unautafuta mkunjo huo. Sasa piga hesabu: mimi nanyoosha kwa nusu saa, mto unakunja kwa saa 23 na nusu. Na mkosaji nilikuwa mimi, maana siku zote nne sikuwa nimemtajia mtu yeyote habari ya mto.

Wewe uliyeanza kazi juzi, hilo ndilo ningependa ulijue mapema kuliko nilivyolijua mimi. Chuoni tulifundishwa mikono yetu ifanye nini. Kuulizia mgonjwa anashindaje na analalaje baada ya sisi kuondoka, hilo kila mtu aliachiwa alijue mwenyewe.

Tuanze na goti hilohilo. Mtu ambaye goti lake linakunjika nyuzi 90 ataweza kukaa kitini, na ngazi atazipanda kwa taabu kidogo. Mkunjo nao mara nyingi huzidi kuongezeka kwa miezi. Lakini akikosa nyuzi 10 za kunyooka, anatembea kama mwenye mguu mmoja mfupi, na msuli wa mbele ya paja haupumziki hata akiwa amesimama tu. Kovu la ndani halisubiri, hukaza wiki hadi wiki. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, taulo lililokunjwa linakwenda chini ya kisigino, goti linaachwa lielee na kushuka kwa uzito wake, dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Halafu ondoa taulo, mwite ndugu anayemuuguza, mwambie apenyeze kiganja chini ya goti, mgonjwa akikandamize kitandani. Akiusikia mkono wake unabanwa leo kuliko jana, amekuwa mwenzako kazini. Yule binti nilimfanyia hivyo, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinisimulia mimi maendeleo.

Ndugu ukiwaelekeza kwa maneno tu, watakuitikia. Wagonjwa nao watakuitikia, hasa wazee, kwa heshima. "Umefanya mazoezi jana jioni?" "Nimefanya, daktari." Umepata nini hapo? Sema badala yake, "Mama, hebu nionyeshe ulivyofanya jana jioni," kisha nyamaza utazame. Utaona mtu anainua mguu wote badala ya kukandamiza goti, au anabana pumzi mpaka uso unabadilika rangi, au hajui aanzie wapi. Na usimpe mazoezi 8 kwenye karatasi. Mpe 3, uyafungamanishe na jambo litakalotokea tu hata asipotaka: kila akiletewa chakula, kila muuguzi akija kupima presha.

Kuna kosa jingine nililolifanya kwa maandishi, na faili hilo sijui liko wapi sasa, nisingependa likutwe. Niliandika: "Mgonjwa hashirikiani." Mzee mmoja, siku mbili baada ya upasuaji wa goti. Namwambia kaza paja, halikazi. Namwambia jitahidi mzee, ananitazama kwa macho ya aibu. Mwenzangu mkongwe akaja, hakusema neno, akaweka vidole juu kidogo ya pia ya goti, akaanza kuugonga msuli taratibu kama anayebisha hodi. Akamwomba mzee akaze kwanza mguu usiopasuliwa, kisha yote miwili kwa pamoja. Mara ya nne au ya tano, pia ya goti ikasogea juu, kidogo sana, labda upana wa ukucha. Mzee alicheka.

Uvivu haukuwamo kabisa. Uvimbe na maumivu ndani ya goti hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na huko amri ya kukaza msuli wa paja huzuiwa. Mtu anaagiza kwa moyo wote, agizo halifiki. Ukimfokea unamwongezea hofu, na hofu nayo hukaza misuli isiyotakiwa. Punguza uvimbe kwanza: mguu uinuliwe mpaka juu ya usawa wa moyo, ukiwa umenyooka, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe dakika 15 hivi. Kisha bisha hodi.

Kabla ya hayo yote, soma faili. Najua unalisoma, lakini lisome kama mtu anayetafuta kasoro. Picha mbili za eksirei za paja lililovunjika zinaweza kufanana machoni pako, mmoja daktari ameruhusu akanyage kadiri anavyovumilia, mwingine asitie uzito kabisa kwa wiki 6. Tofauti iko kwenye ubora wa mfupa na jinsi vyuma vilivyoshika, mambo ambayo aliyefungua nyama ndiye aliyeyaona. Nyonga bandia vivyo hivyo. Aliyepasuliwa kwa nyuma kwa kawaida huonywa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asizungushe mguu kwenda ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele ana makatazo mengine, au hana kabisa. Kama haikuandikwa, muulize daktari mpasuaji. Atakunja uso, utapona.

Pale maelekezo yanaposema akanyage kwa uzito wa sehemu tu, usimwambie mgonjwa "kanyaga kidogo." Kidogo cha nani? Tafuta mizani ya kawaida ya kupimia uzito, aweke mguu mmoja juu yake huku ameshika magongo, akanyage mpaka mshale ufike kilo 20 au kiasi alichoandikiwa. Arudie akiwa haangalii. Nyayo hujifunza haraka kuliko masikio.

Kusimama kwa mara ya kwanza kuna utaratibu wake. Panga na muuguzi dawa ya maumivu ya kumeza itangulie kwa nusu saa hadi dakika 45. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mpige stori. Stori hiyo ni kipimo: majibu yakianza kuwa mafupi, midomo ikapauka, jasho likatoka kwenye paji la uso, mlaze, presha inashuka. Akiwa sawa, simama upande wa mguu uliopasuliwa, nyuma kidogo. Hatua 3 zinatosha siku hiyo. Nimewahi kumsukuma mtu afike mlangoni kwa sababu wa kitanda cha jirani alifika. Alizimia mikononi mwangu, na ilituchukua siku mbili kumshawishi asimame tena.

Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikunjwe kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa atakuja kukuambia vidole vinakufa ganzi na mkono unaanguka, maana neva imebanwa. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka. Na anayetumia mkongojo mmoja aushike mkono wa upande wa mguu mzima. Karibu kila mtu hushika upande unaouma, na ndugu zake humsaidia kukosea.

Sasa yale ya kutisha, ambayo lazima uyajue kabla hujagusa mtu. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa la moto na linauma, acha mazoezi, mwite daktari. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usilichue, na umzuie yeyote anayetaka kulichua, maana bonge likichomoka huenda kwenye mapafu. Mgonjwa anayeanza ghafla kuhema au kuumwa kifua hapaswi kungoja zamu ya jioni. Pili, maumivu yanayozidi kipimo cha jeraha, dawa haiyafikii, na ukimnyoosha vidole vya mguu anaruka: presha imepanda ndani ya misuli, hasa kama mguu umevunjika chini ya goti. Hapo zinahesabiwa saa chache tu kabla misuli haijafa. Toka mbio. Tatu ni dogo lakini linaumiza roho: mguu ulioachwa ulalie upande wa nje, au plasta inayobana chini kidogo ya goti kwa nje, huibana neva inayoinua unyayo. Kila siku mwambie, "Vuta vidole vije kwako." Ni sekunde mbili.

Maumivu ya kawaida ya mazoezi nayo yana lugha yake. Yakija wakati wa zoezi na kutulia baada ya saa moja au mbili, endelea. Goti likiamka kesho limevimba kuliko jana, ulizidisha, na zungusha tepu ya kupimia juu ya pia ya goti uthibitishe badala ya kubishana na macho yako.

Nimesema sana juu ya waoga, nikasahau wenye haraka. Hao wanakuja miezi mitatu baada ya kuwekewa ligamenti mpya ya goti, ule ukanda unaoshikanisha mifupa, hawaumwi, wanatembea vizuri, wanataka kurudi uwanjani. Kinachowadanganya ni kwamba wakati huo huo wanaojisikia wazima, kano iliyopandikizwa bado ni dhaifu, maana mwili unaijenga upya kutoka ndani. Mfupa uliovunjika nao hivyo: kovu laini la wiki za kwanza huwa gumu kati ya wiki ya 6 na ya 12 kwa mtu mzima, na kujipanga upya kunaendelea miezi mingi. Kijana wa ligamenti mwambie siku ya kwanza, kabla hajaanza kujisikia vizuri, kwamba harudi uwanjani kabla ya miezi 9. Ukimwambia mwezi wa tatu atadhani unamwonea wivu. Na hata miezi 9 ikitimia, paja lipimwe nguvu dhidi ya la pili na aruke kwa mguu mmoja ukitazama anavyotua.

Siku hizi nikimaliza na mgonjwa naacha kitu makusudi. Tepu, taulo, mara nyingine kalamu ileile. Baada ya robo saa narudi kukichukua, na kabla sijakigusa naangalia mto uko wapi.