Daftari la Visingizio

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile wanalonunua wanafunzi Darajani skuli zinapofunguliwa. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja tu: "Leo sikuandika kwa sababu fundi wa bomba alisema atakuja saa nne." Hakuja. Nilimngoja mpaka adhuhuri. Muda wote huo nilikuwa nimekaa kitako, mikono mitupu, kalamu iko mezani, na nyumba iko kimya kama haijawahi kuwa na watoto. Hilo la kimya sikuliandika siku ile. Niliona haya.

Nilikuwa nimetimiza miaka mitatu bila ya kumaliza hata hadithi moja. Walionijua zamani wakiniuliza, "Mwalimu, hadithi vipi?" nami nikijibu, "Inshaallah, zinakuja." Mungu anisamehe, nilikuwa nalitumia jina lake kufungia mlango.

Ukikaa Unguja na unatafuta sababu ya kutoandika, huna haja ya kwenda mbali. Kaskazi ina joto, chumba hakikaliki. Ramadhani ikiingia, mchana umefunga, alasiri uko jikoni na futari, usiku tarawehe, kisha daku. Idi ina nguo za watoto na wageni. Baada ya Idi kuna saumu ya sita. Kisha masika: nguo hazikauki, paa linavuja, na nani ataandika huku anahamisha ndoo? Julai kuna sherehe za Mwaka Kogwa, na shemeji zangu wa Makunduchi wataniona sina adabu nisipotokea. Hujakaa sawa, karafuu zimeiva Pemba na mama anapiga simu kutoka Wete, anataka mikono. Ukirudi, vuli. Ukigeuka, kaskazi nyingine hiyo. Na Ramadhani, kwa vile kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11, inachofanya ni kubadilisha kiti tu ndani ya orodha hiyo hiyo. Hapo sijagusa maarusi.

Tangu 2022, ilipoanza kuadhimishwa Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, nikajiongezea na kiapo. Kila mwaka siku hiyo nasikiliza hotuba redioni, nachemka, naapa kuwa leo ndiyo leo. Tarehe 8 nafua.

Kisingizio changu kipenzi kilikuwa umeme. Umekatika, kompyuta haina chaji, basi tena. Nilikuwa nakisema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Mpaka siku moja mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akaniuliza: "Yale madaftari mawili ya kabatini uliyaandika lini vile?"

Niliyaandika kizani. Disemba 2009 kulitokea hitilafu ya waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara, na Unguja nzima ikakaa bila ya umeme mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Waliokuwapo wanakumbuka kelele za majenereta, maji ya kuchota kwa ndoo kwa kuwa pampu hazikufanya kazi, na samaki wa kununua na kula siku ile ile. Mimi nilikuwa kijana, naishi na dada zangu chumba kimoja, na nikiandika kwa kandili huku mmoja akilalamika kuwa mwanga unamzuia kulala. Nilijaza madaftari mawili. Nilipoyatoa kabatini baadaye, kurasa nyingine zilikuwa na madoa ya mafuta ya taa. Tangu hapo neno "umeme" nikilitamka naona aibu, hata ukikatika kweli.

Na hapo ndipo nilipogundua shida iko wapi. Watu hushauri uache visingizio kana kwamba vyote ni uongo. Vyangu vingi vilikuwa vya kweli. Fundi aliahidi kuja, bomba lilikuwa linavuja, mama alihitaji mikono. Udhuru wa uongo unaujua mwenyewe na haukai moyoni. Unaokumaliza ni ule wa haki, ambao hata kadhi angeukubali.

Nilimpoteza babu mmoja kwa udhuru wa namna hiyo. Alikuwa ameniahidi kunihadithia jinsi alivyovuka kutoka Pemba kwenda Mombasa kwa jahazi akiwa mtoto. Kila nikipanga kwenda, nilikuwa na sababu safi kabisa. Alipofariki nikaenda kwa wanawe watatu, na kila mmoja ana safari yake: mmoja anasema walipigwa na dhoruba, mwingine anasema bahari ilikuwa shwari ila nahodha mlevi, wa tatu anasema babu hakufika Mombasa hata siku moja.

Basi daftari. Sharti nililojiwekea ni moja. Siku nisiyoandika, niandike kwa nini, na si kwa neno moja. "Uchovu" haukubaliki. Uchovu wa nini, ulianzia wapi, nani alisema nini. Angalau mistari mitatu, halafu niko huru kulala.

Siku ya tisa nilikuwa Wete. Niliandika kuwa sikuandika kwa sababu ya mvua. Mistari mitatu haikutosha, kwa sababu ile mvua ilikuwa na mambo. Karafuu zilikuwa zimeanikwa uwanjani juu ya majamvi, siku ya tatu juani, zimeshaanza kuwa na rangi ya kahawia na kulia kavu ukizishika. Sisi tuko ukumbini tunachambua za jana, tunatenga makonyo, vidole vimekuwa vyeusi na vinanata. Mama akanyanyua pua. Hakuangalia mbingu, alinusa tu. "Anueni," akasema. Jua linawaka! Mtoto wa kaka yangu akacheka, "Bibi, mvua iko wapi?" Mama hakujibu, alikwisha kushika pembe ya jamvi. Jamvi la mwisho tulilikunja wakati matone ya mwanzo yanapiga bati, na yule mtoto aliyecheka ndiye aliyeteleza, akamwaga kiasi cha pishi nzima kwenye tope. Tuliziokota moja moja kwenye mvua. Mama anaokota huku anasema, "Cheka tena. Hebu cheka."

Nilipoinua kichwa nilikuwa nimeandika kurasa nne za kueleza kwa nini sikuandika.

Sitaki nikudanganye kuwa baada ya hapo mambo yalinyooka. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye mistari mitatu, tena ya uvivu. Lakini mkono ulikuwa umeshaota moto, na visa vilianza kuja vyenyewe: fundi asiyekuja, dereva wa daladala anayesimamisha gari anunue urojo, jirani anayeazima mbuzi ya kukunia nazi na kurudisha isiyo na meno.

Nilivyovijaribu vikashindwa nitavitaja haraka. Kompyuta mpya: niliitumia kuangalia mapishi. Kundi la waandishi la WhatsApp: tuliandika sana, lakini humo humo kundini.

Kilichonisaidia zaidi ni kuwa na mtu anayengoja. Shangazi yangu yuko Mkoani, macho yamedhoofu, hasomi. Namrekodia ukurasa mmoja kila Ijumaa na kumtumia kwenye simu ya mjukuu wake. Hana habari ya fasihi wala hanisifu. Anauliza tu, "Sasa mwanangu, huyo mwanamke alirudi kwa mumewe au hakurudi?" Nikikosa Ijumaa moja, Jumamosi asubuhi simu inalia.

Yeye ndiye aliyeniondolea na udhuru wa lugha, ambao nilikuwa sijauandika hata katika daftari. Nilikuwa naogopa. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini mimi ni Mpemba, na nikiandika kwa moyo mkunjufu Kipemba huchungulia. Wakati mmoja mhariri mmoja alinirudishia hadithi, kila penye "skuli" amekata kwa wino mwekundu na kuandika "shule". Ni neno moja tu, lakini nilikaa nalo mwaka mzima. Shangazi nilipomsomea kwa Kiswahili cha kuvaa tai, alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Huyu anayesema ni nani? Mtangazaji?" Nikaanza upya, wahusika wakaenda skuli.

Saa yangu sasa ni baada ya sala ya Alfajiri, simu nimeiacha ukumbini, chai haijachemka. Nusu saa. Siku nyingine hutoka sentensi mbili na moja naifuta. Daftari la visingizio bado naliandika, ila halijai kwa kasi ile.

Hadithi ya kwanza niliyoimaliza ni ya fundi wa bomba. Nilimrekodia shangazi kwa Ijumaa tano. Ya mwisho alipoisikia akapiga mwenyewe.

"Kwa hivyo alikuja?"

"Katika hadithi amekuja, shangazi."

"Nakuuliza kwako."

Kwangu bado. Ndoo iko chini ya bomba.