Mhamiaji kuwa askofu msaidizi Marekani? Mbona ilishatokea

Mkuu umeuliza kama mdogo wako anayetaka upadre huku Marekani anaweza siku moja kuwa askofu au vyeo hivyo ni vya wazawa tu. Mi naishi Maryland, jimbo kuu letu ni la Washington, ngoja nikupe mfano wa hapahapa, Evelio Menjivar.

Jamaa kazaliwa 1970 Chalatenango, El Salvador, vita ya wenyewe kwa wenyewe imemkuta bado mtoto, mwaka 1980 Askofu Mkuu Romero wa hukohuko kwao alipigwa risasi akiadhimisha misa. 1990 akazamia Marekani, kavushwa mpaka wa Tijuana kafichwa kwenye buti ya gari, makaratasi hana. Akabeba boksi kama sisi tu, usafi wa majengo, kupaka rangi, ujenzi, halafu ndo seminari, upadre 2004, uraia kaja kuupata 2006. Yaani padre kwanza, pasipoti baadaye!

Desemba 2022 Papa Fransisko akamteua kuwa askofu msaidizi wa Washington, akawekwa wakfu 21 Februari 2023 pale kanisa kuu la Mt. Mathayo, siku moja na Juan Esposito mzaliwa wa Argentina. Wiki ile ya uteuzi Wasalvador ninaodeki nao ofisi usiku kazi haikuendeka, mmama mmoja kaacha mopa na ndoo katikati ya korido anatuonyesha picha kwenye simu, maana askofu wa kwanza mzaliwa wa kwao hapa Marekani ndo huyo. Mi si Msalvador lakini na mimi nilivimba kichwa, sijui kwa nini.

Ila usichanganye, msaidizi sio mrithi. Anayerithi jimbo moja kwa moja ni askofu mwandamizi, msaidizi yeye anapewa jina la jimbo la kale lisilokuwepo tena, na kazi yenyewe ni mguu na njia, parokia hii kipaimara, ile kutabaruku altare, na mkubwa akistaafu yeye hapandi kwa sababu eti alikuwa msaidizi.

Sheria ya Kanisa inataka umri usiopungua miaka 35, upadre miaka 5 na usomi wa maana wa teolojia, Maandiko au sheria za Kanisa, ulikozaliwa hawaulizi. Mwambie dogo aanze Kihispania mapema, huku padre asiyekijua anahangaika kweli kwenye kitubio.