Legacy GT kama gari la familia: inafaa, ukiilinda oili yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama stesheni wagoni yenye nguvu inaweza kuwa gari la pekee nyumbani: la kazini, la shule, na la kwenda ushago Desemba. Inaweza. Nitajibu kwa gari moja tu, Subaru Legacy Touring Wagon 2.0GT ya 2003 hadi 2009, ambayo mafundi wa Kenya huiita BP5. Nimeichagua kwa sababu inaponoki, watu husingizia mwendo. Kwa kweli magari haya huuawa mara nyingi zaidi na oili iliyopungua au iliyochakaa kuliko na mguu wa dereva.

Injini yake ni EJ20, silinda 4 zilizolala mbili kila upande, na tabo moja (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi). Yenye gia otomatiki ina nguvu farasi 260, ya gia za mkono 280. Msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 343 unafika mapema, kabla ya mizunguko 2,500 kwa dakika, na hilo ndilo linaloifanya ipendeze ikiwa imebeba. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Yenye tabo huziba sehemu kubwa ya pengo kwa kuzungusha tabo kwa kasi zaidi, ndiyo maana Legacy iliyojaa watu watano na mizigo hupita lori kwenye mpando wa Timboroa bila kuhangaika. Lakini kasi hiyo ya ziada inabebwa na beringi za tabo, na beringi hizo huishi kwa oili.

Basi tuanze hapo. Injini hii inaweza kula oili kidogo hata ikiwa nzima. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna takriban lita 1, na injini nzima inachukua lita 4 na ushei, kwa hiyo gari lililofika alama ya chini limeshapoteza karibu robo ya oili yake. Pima kila wiki. Egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika kumi, pangusa kijiti, kirudishe, kisha usome pande zote mbili. Kwa injini iliyolala pande hizo mara nyingi hazilingani. Uamini ule unaoonyesha chini. Weka sintetiki kamili ya 5W-30 au 5W-40 na uibadilishe pamoja na chujio kila kilomita 5,000. Ukiambiwa uweke 20W-50 kwa sababu injini ni nzee, kataa. Oili nzito huchelewa kufika kwenye tabo asubuhi, na mfumo wa kubadilisha muda wa valvu unategemea oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba.

Vijitundu hivyo ndivyo vyenye siri ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Bomba linalopeleka oili kwenye tabo limefungwa kwa bolti ya banjo (bolti yenye tundu la kupitishia oili) yenye kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Oili ikikaa muda mrefu huacha masizi, wavu unaziba, tabo inakauka, na vumbi la chuma kutoka kwenye beringi zake linarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Fundi akibadilisha tabo peke yake, ile mpya nayo hufa, na mara nyingi huondoka na beringi za konrodi. Kazi sahihi ni hii: fungua bolti za banjo za tabo na za valvu, kagua wavu, safisha au badilisha, funga kwa washa (washer) mpya pande zote mbili. Kama tabo ilikwisha kufa, sampu ishushwe, paipu ya kufyonza oili itolewe na kuoshwa (ikaguliwe pia ufa kwenye kiungo chake, maana ni ugonjwa unaojulikana wa EJ), na kipoza oili kilicho chini ya chujio kibadilishwe, kwa kuwa hakisafishiki ndani kikamilifu. Ni kazi ghali. Injini nyingine ni ghali zaidi.

Baada ya kupanda mlima kwa nguvu, kama ile barabara ya Salgaa kuelekea Mau Summit, endesha taratibu kilomita mbili za mwisho kabla ya kuzima, ili tabo ipoe huku oili ikiendelea kupita.

Petroli ndiyo jambo la pili. Gari hili lilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo vituo vya huko huiuza ikiwa na oktani (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kujilipukia) 98 hadi 100. Hata daraja la juu la vituo vyetu halifiki huko. Kompyuta ya injini husikia kugonga kwa ndani, yaani petroli ikijilipukia yenyewe kwenye silinda, na kurudisha nyuma muda wa cheche, na hilo hulinda injini ya kiwandani. Hatari iko kwenye gari lililoongezewa shinikizo la tabo kwa kompyuta bila kupimwa kwa petroli ya hapa. Pistoni za EJ20 hazipendi kugonga huko: kingo zinazoshika ringi huvunjika, kisha gari huanza kutoa moshi wa buluu na kutema oili kwenye bomba la kupumulia. Weka daraja la juu, usilikanyage kwa nguvu likiwa gia kubwa na mizunguko iko chini, na badilisha plagi kwa wakati. Plagi hizo ziko ubavuni. Upande mmoja huhitaji betri itolewe, na sokoti ya milimita 16 yenye ekstensheni fupi. Fundi anayesema anaweza kuzifikia bila kutoa kitu ataziachia bila kuzibadilisha.

Belti ya taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hukutana na pistoni. Usinunue belti peke yake: chukua seti yenye tenshena na puli zote, na pampu ya maji hapo hapo, kwa sababu kinachokatisha belti mara nyingi ni puli iliyokwama. Kwa gari la mtumba lisilo na karatasi za huduma, hesabu kwamba belti haijawahi kuguswa.

Gia boksi otomatiki ya gia 5 ina mtego unaojulikana. Chini yake kuna nati mbili za kumwagia, moja ya oili ya gia na nyingine ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele, ambayo ina oili yake na kijiti chake. Fundi asiyeijua humwaga ya difu akidhani ni ya gia, halafu anaongeza oili ya gia juu. Matokeo ni gia iliyofurika na difu iliyokauka, ambayo huanza kulia baada ya safari moja ndefu. Difu ya mbele inachukua lita 1 na kitu ya oili ya difu ya 75W-90 GL-5, ya nyuma lita 0.8. Oili ya gia ukiimwaga kwa nati hutoka chini ya nusu tu, kwa hiyo ibadilishwe mara mbili tatu, ukiendesha kidogo katikati.

Tairi zote nne ziwe za aina moja na zimechakaa sawa. Subaru inataka mzingo wao usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6. Tairi moja mpya pamoja na tatu kuukuu hufanya magurudumu yavutane kupitia difu ya kati, na utasikia gari likijizuia unapokata kona ya kuegesha.

Radieta ina tangi la plastiki juu, hupasuka kwenye mshono linapozeeka. Weka kulanti, si maji ya bomba, na utoe hewa vizuri unapojaza.

Kwa upande wa familia, buti ni ndefu na sakafu yake iko chini, mizigo hupakiwa bila kunyanyuliwa sana. Anayekaa katikati nyuma ana nundu ya shafti miguuni, kwa hiyo mpe mtoto nafasi hiyo, si shangazi. Madirisha hayana fremu. Wafundishe watoto kufunga mlango kwa kushika bati, si kusukuma kioo, la sivyo upepo utaanza kupiga mluzi. Tumbo la gari liko takriban milimita 150 kutoka ardhini, na likijaa hushuka zaidi. Spesa (vipande vya kuinua gari vinavyowekwa juu ya shokabzoba) za milimita 20 hadi 30 zinasaidia kwenye matuta. Ukizidisha, shafti za mbele hukaa kwa pembe mbaya na mipira yake huchanika. Mjini tarajia kilomita 6 hadi 8 kwa lita, na tangi ni la lita 64.

Ukienda kununua, fika asubuhi kabla injini haijawashwa na uguse boneti kuhakikisha ni baridi. Sikiliza mlio wa kugonga injini ikishapata moto, hasa unapoachilia kanyagio la mafuta kutoka mizunguko 3,000. Pima kompresheni (shinikizo ndani ya kila silinda), ila usitishike ukiona namba za Nairobi ni ndogo kuliko za kitabu: hewa yenyewe ni nyembamba. Kinachotakiwa ni silinda zote nne zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo BP5 zote zilizo sokoni zimeshapitia mikono hapa. Anayetaka kuagiza kutoka Japani atazame Levorg, iliyochukua nafasi ya Legacy Touring Wagon mwaka 2014. Yenye lita 2.0 ina nguvu farasi 300 na inataka petroli ya daraja la juu kama Legacy. Yenye lita 1.6 ina 170, inatumia cheni badala ya belti ya taimingi, na ilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo haina oktani nyingi kuliko ya kwetu. Kwa familia inayoishi mbali na kituo kinachouza daraja la juu, ningechagua hiyo ya 1.6.