Usianzie Mpinini

Wadogo zangu wa karakana, juzi nimewaona mkiandika "Uturuki" kwenye kadi ya kueleza upanga wa kale ulikotoka, hata haujatoka wote alani. Macho yenu ni makali kuliko yangu, lakini haraka hiyo ni ya mwizi. Sikilizeni.

1. Mpini hubadilishwa, lisomeni bapa. Wafaransa waliondoka Misri mwaka 1801 wamezipenda panga za Mamluki, wale askari waliotawala huko, na mwaka 1831 Uingereza ikawapa majenerali wake upanga wa mtindo huo. Kwa hiyo mpini uliopinda kama wa bastola unaweza kuwa wa London, na bapa la Solingen, mji wa wahunzi Ujerumani. Kinyume chake pia hutokea, na hapo ndipo nilipoumia.

Mwaka wangu wa pili nililetewa upanga wa jenerali wa Kiingereza, umeota kutu. Mpini wa pembe ya ndovu, kikingio cha mkono chenye umbo la msalaba, cha shaba iliyopakwa dhahabu: nikaamua bapa nalo ni la Ulaya. Nikashika msasa. Nilisugua asubuhi nzima, na kila ulivyong'aa ndivyo nilivyozidi kusugua. Karibu na mpini palikuwa na doa la manjano, nikalifuta nalo. Mchana fundi mkuu akaliinamisha bapa dirishani, akauliza polepole, "Hapa palikuwa na nini?" Zilibaki herufi tatu za dhahabu: ain, mim, lam. Amal. Kazi ya fulani, na huyo fulani nilikuwa nimemfuta mimi, niliyekaa chuoni Lamu miaka saba nikifundishwa herufi hizo hizo. Lilikuwa bapa la feleji ya Kiajemi, chuma bora chenye michirizi kama ya maji. Michirizi yake tuliirudisha kwa asidi hafifu. Jina halikurudi. Mwenyewe, bibi mzee aliyeurithi kwa babu yake, alinishika mkono akasema si kitu, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

2. Bapa likipanuka karibu na ncha na kuwa na makali pande mbili, ni umbo la kiliji, upanga uliopinda wa Kiosmani, yaani wa Waturuki; shamshiri, upanga uliopinda wa Kiajemi, huchongoka taratibu hadi nchani. Wahungari na Wapoland waliiga, msiishie hapo.

3. Maandishi ya Kiarabu yasomeni kwa sauti. Ulaya walichora pia herufi zinazofanana na Kiarabu tu, zisizosomeka. Na jina la Asadullah wa Isfahani, mhunzi mashuhuri wa panga wa Uajemi, limetiwa kwenye mabapa mengi mno, ya vizazi mbalimbali. Likionekana, msipige vigelegele.

4. Msasa nimeufungia kabatini. Anayeutaka aje na upanga, tuusome wote kwanza.