Uliza Tukujibu: Rwanda wanaenda Paralimpiki kushiriki tu?

SWALI: Kaka mambo, mi niko Moshi, Majengo. Mdogo wangu alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya boda, na shuleni alikuwa anapiga volibo balaa. Juzi nimemwonyesha klipu ya madada wa Rwanda wanacheza wamekaa chini akafurahi, ila washkaji kijiweni wanasema kanchi kale kanaendaga kushiriki tu, hela bure. Ni kweli? Na dogo aanzie wapi?

JIBU: Poa kaka, mpe pole dogo. Hao wa kijiweni waambie watafute matokeo ya Paralimpiki (olimpiki ya watu wenye ulemavu) ya Tokyo, yale mashindano yaliyosogezwa mpaka 2021 kwa ajili ya korona, wale madada waliwachapa Japan seti 3-0 kwao kabisa wakamaliza wa 7. Kushiriki tu ndo huko? Wanaume wao walishafika London 2012, na riadha Jean de Dieu Nkundabera alileta shaba ya mita 800 toka Athens 2004.

Mi naona Rwanda walitumia akili, maana kiti cha mbio ni hela ndefu, mguu wa bandia wa kukimbilia ndo usiseme, ila volibo ya kukaa inataka sakafu, mpira na neti basi, uwanja mita 10 kwa 6. Na baada ya 1994 watu waliopoteza viungo walikuwa wengi mno. Dominique Bizimana na Jean Rukundo walipigana vitani pande tofauti, kila mmoja akapoteza mguu, halafu wakaja kuvaa jezi moja (hapo mtu wa kijiweni anyamaze kidogo).

Sasa dogo. Mguu wa bandia wengi wanauvua kabisa, shughuli iko kwenye mikono, maana hiyohiyo inayopiga mpira ndo inayomsogeza, na akigusa mpira makalio yasinyanyuke. Mabega yatauma wiki za mwanzo. Pia huku servisi inaruhusiwa kublokiwa, tofauti na volibo ya kusimama aliyozoea, hicho kitamchanganya. Moshi mna TATCOT, chuo pale hospitali ya KCMC wanakofundisha mafundi wa viungo bandia, aulizie hapo wenzie, timu ni watu 6. Wakipungua we na washkaji kaeni chini mjaze namba, neti hata kamba ya kuanikia nguo, ifungwe mita 1.15.