Panya wanakufa wenyewe: je, ni tauni?

SWALI: Tumeokota panya watatu wamekufa ghalani bila sumu wala mtego. Bibi anasema ni tauni. Ugonjwa huo si uliisha zamani? – Msomaji, Paidha

JIBU: Msikilizeni bibi. Tauni iliyosambazwa na meli kutoka Hong Kong mwaka 1894 ilifika bandari nyingi za dunia, na eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hasa Zombo na Arua, bado hupata wagonjwa. Mwaka huohuo wa 1894 daktari Alexandre Yersin alitambua bakteria wake. Mwaka 1898 daktari Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba kiroboto ndiye mbebaji.

Panya akifa na mwili kupoa, viroboto humhama. Bakteria huziba njia ya kuingia tumboni mwa kiroboto. Damu haipiti, njaa humzidi, basi huuma tena na tena, na kila mara hutapika bakteria kwenye jeraha.

Kwa hiyo msianze kuua panya! Mkiwaua kwanza, viroboto watawageukia ninyi. Pulizieni dawa ya viroboto sakafuni na mashimoni, kisha ndipo mtege. Mizoga msiishike kwa mkono. Toeni taarifa kituo cha afya. Mahindi yasikae chumba cha kulala.

Homa ya ghafla na tezi lililovimba kwenye kinena, kwapa au shingo hutokea siku 2 hadi 8 baada ya kuumwa. Nendeni hospitali siku hiyohiyo: antibiotiki huponya. Tauni ikishuka mapafuni, kikohozi huambukiza jamaa, na kuchelewa saa 24 tu kunaweza kuua.